Upande Wangu wa Kisahani

Jumatano, 4 Machi. Mawingu asubuhi, mvua kuanzia saa nane.

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na daftari. Tarehe, hali ya hewa, halafu ulichokiona. "Andikeni mnachokiona, si mnachokidhani," kasema, na nina hakika alikuwa ananitazama mimi. Haya. Nilichokiona ni ukumbi wa maktaba wenye viti vya plastiki, paa la bati, ubao mmoja, na msichana mdogo kuliko binti yangu ambaye ni daktari ingawa hana sindano wala hatibu mtu. Amesomea vijidudu. Kila Jumatano saa kumi jioni, msimu wote huu wa mvua, atatufundisha bure, mwenye shule na asiye na shule.

Nilikwenda kwa sababu mvua imenikaushia duka. Mtu aliyelowa kichwa haji kunyoa. Fundi saa, jirani yangu wa mlango wa pili, akasema twende, angalau kule paa halivuji. Huyo naye, tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, kazi yake ni kutembeza maneno.

Somo la leo: kwenye kiganja kimoja kuna viumbe hai wengi kuliko watu wote wa mji huu. Ukumbi mzima ukatazama viganja. Mama mmoja wa safu ya tatu hakutazama chake. Alinyoosha mkono akauliza, "Na wanaotudhuru ni wangapi kati ya hao?" Mwalimu akajibu kwamba ni wachache sana, wengi wao hawana hata habari na sisi. Yule mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, na akatabasamu peke yake. Nadhani alikuwa ameisubiri kauli hiyo muda mrefu.

Hapo nimeandika ninachokidhani. Siku ya kwanza tu nimeshavunja sheria.

Alhamisi, 5 Machi. Mvua.

Vichwa viwili. Kimoja kipara, kilikuja na ndevu tu.

Jumapili, 8 Machi. Manyunyu.

Binti yangu ameniuliza kwa nini leo Jumapili napiga pasi shati la Jumatano. Nikamwambia ni mambo ya elimu. "Elimu ya nini, Baba?" Ya vijidudu. Akaguna. Binti huyu akiguna ni marehemu mama yake mtupu, na huu ni mwaka wa sita tangu mama yake atutoke. Alihamia kwangu baada ya msiba, eti kwa wiki mbili, anipikie hadi nizoee. Sijui kama nimezoea. Najua tu kwamba nikiongea sana mezani anafurahi, na nikinyamaza anaongeza chumvi kwenye mboga kwa kusahau.

Jumatano, 11 Machi. Mvua kubwa, ikakatika, ikarudi.

Leo Mwalimu kaja na hadubini. Moja tu, na sisi tuko kama thelathini. Tukapanga foleni kuchungulia tone la maji ya dimbwi la nje, lile tunaloliruka kila siku. Yule mama wa safu ya tatu alikuwa mbele yangu. Sitasema nilipangaje ikawa hivyo.

Zamu yangu ilipofika sikuona kitu ila giza na kope zangu mwenyewe. Mama yule hakuwa ameondoka. "Usifumbe jicho la pili," akaniambia, "utachoka bure. Liache wazi, ila usilijali." Nikafanya hivyo. Loo! Vitu vinaogelea! Kimoja kirefu kilipita kinajinyonganyonga, kingine duara kikazunguka palepale kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikapiga kelele kama mtoto. Mama akacheka. Ana pengo dogo pembeni, na anapocheka halifichi.

Tukitoka, fundi saa akanivuta shati. "Unamjua yule?" Simjui. "Mama Dawa huyo. Kafagia wodi ya kifua kikuu tangu ujana wake mpaka juzi alipostaafu. Wanamwita hivyo kwa sababu ya harufu ya dawa ya sakafu." Nikamwambia kwa hiyo? "Kwa hiyo, ndugu yangu, hakuna mtu anayempa mkono." Nikamuuliza na Mwalimu tangu wiki iliyopita anasema nini. Akasema, "Mwalimu ni Mwalimu, na kifua ni kifua."

Huyu ndiye rafiki yangu wa miaka yote.

Jumamosi, 14 Machi. Jua kidogo.

Nimenyoa tangu asubuhi mpaka mgongo ukakataa. Sikupata hata nafasi ya kuwaza la kuandika.

Jumatano, 18 Machi. Mvua ya kutisha.

Nataka niandike leo kwa utaratibu nisije nikasahau.

Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi maziwa yanavyoganda, kwamba hayaharibiki, yanabadilishwa tu na kundi la wafanyakazi wasioonekana. Mvua ikashuka juu ya bati. Akapaza sauti. Mvua ikapaza zaidi. Akaandika ubaoni: TUSUBIRI. Basi tukakaa, watu thelathini, kimya, hakuna anayesikia hata kikohozi chake.

Mama Dawa alikuwa kiti cha pili kutoka changu, na kile cha kati kilikuwa kitupu. Akahamia. Akainama sikioni kwangu akapiga kelele ya nguvu, na kwangu ikafika kama mnong'ono: "Kule wodini mvua ikinyesha hivi tulikuwa tunafurahi! Kikohozi hakisikiki!"

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa mbali, wodini huko, na watu wake. Nikainama na mimi sikioni kwake. Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikasema, "Mimi mvua inanifukuzia wateja!" Mtu mzima na akili zake!

Hakurudi kiti chake. Mvua ilipoisha Mwalimu akaendelea na maziwa, na mimi sikusikia neno hata moja, na hapo hakukuwa na kelele tena.

Niseme wazi, daftari ni langu. Nimemtamani. Si ile tamaa ya ujana ya kukimbizana. Namtamani akae kiti cha pembeni. Namtamani aniambie habari ambayo haina faida yoyote. Nimerudi nyumbani nikala, binti yangu akazungumza, na sikio langu la kushoto lilikuwa bado na joto.

Ijumaa, 20 Machi. Mvua.

Wateja watatu. Kila mlango ukifunguka nainua macho. Mwanamke atafuata nini kwa kinyozi?

Jumatano, 25 Machi. Mawingu mazito, haikunyesha.

Leo tumefanya jaribio. Mwalimu akasema mtu na jirani yake. Jirani yangu alikuwa yeye, na safari hii sikupanga, amekuja mwenyewe akakaa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Katika kila wawili, mmoja ananawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, anajikausha kwa karatasi safi. Mwingine hanawi. Halafu mnashikana mikono. Kisha kila mmoja anachukua kijiti chenye pamba nchani, anakisugua kwenye kiganja chake, halafu anakipitisha juu ya ute fulani mgumu uliomo kwenye kisahani cha plastiki. Kisahani kina mstari katikati: upande mmoja wa asiyenawa, upande wa pili wa aliyenawa. Kinafungwa kwa utepe na hakifunguliwi tena. Kinawekwa kwenye sanduku lenye balbu ya joto, na baada ya siku kadhaa vijidudu visivyoonekana vinazaana mpaka vinaonekana. Kila nukta, anasema Mwalimu, ni kijiji kizima. Tutajua kilichohama kutoka mkono hadi mkono.

"Nawa wewe," Mama Dawa akaniambia. "Mimi nimenawa maisha yangu yote, leo napumzika."

Nikanawa. Nikarudi na mikono hewani kama daktari wa upasuaji, akanicheka. Watu wawili watatu walikuwa wanatutazama, nikawaona. Yeye pia aliwaona. Mkono wake ulisimama kidogo njiani. Mimi nikaufuata huko huko uliposimama nikaushika.

Mwalimu alihesabu mpaka kumi. Alihesabu haraka mno.

Kiganja chake ni kigumu, dawa imekila miaka mingi, na kina joto. Sina zaidi. Baada ya hapo vijiti, kisahani, utepe, sijui nilifanyaje, nilifanya kama tulivyoambiwa.

Nyumbani binti yangu kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kinyume chake.

Jumamosi, 28 Machi. Mvua usiku, asubuhi tope.

Leo nimenyoa huku naimba. Mteja kaniomba ama niimbe ama ninyoe.

Jumatano, 1 Aprili. Mvua.

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwalimu kapanga visahani mezani, kila kimoja na karatasi nyeupe chini yake, tukaitwa kuviona. Ajabu kweli. Nukta nyeupe, nukta za manjano, moja ya rangi ya waridi. Katika kila kisahani, upande wa asiyenawa umejaa vijiji, na upande wa aliyenawa nao una vyake, vichache, vilivyohamia kwa kushikana mikono. Watu wanacheka, "Tazama, nimekupa huyu wa manjano!" "Mrudishe, simtaki!" Ukumbi mzima furaha.

Kisha chetu. Upande wake umejaa. Upande wangu mweupe kabisa. Si nukta moja, si nusu ya nukta.

Mwalimu akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza. Akatazama glasi ya spiriti iliyokuwa mezani, ile anayosimamishia koleo zake, ambayo wiki iliyopita ilikuwa mbele yangu. "Hapa nafikiri mzee wangu aliupitisha mkono wake kwenye spiriti baada ya kushikana," akasema kwa upole. "Si kosa kubwa. Inatufundisha kwamba spiriti inafanya kazi."

Na fundi saa, toka nyuma, kwa sauti ya sokoni: "Kinyozi kaogopa kifua! Kajipangusa!"

Wakacheka. Nikasema sikujipangusa. Nikasema mara ya pili, kwa nguvu, na jinsi nilivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kucheka. Nikamgeukia Mama Dawa nimwambie yeye, wengine na wacheke. Alikuwa anakitazama kile kisahani. Hakuonyesha hasira. Aliweka uso ambao nadhani aliuweka miaka yote mtu alipokwepa mkono wake mlangoni. Akasema, "Hamna neno, Mzee Kinyozi. Hamna neno kabisa." Akachukua mkoba wake akaenda kukaa ukutani, mwisho kabisa, peke yake.

Sikujipangusa. Naapa kwa kila ninachokijua. Kama ningekuwa na namna, ule mkono nisingeuachia hata mvua iingie humu ndani.

Lakini kisahani kitupu nimekiona kwa macho yangu.

Alhamisi, 2 Aprili. Mvua.

Nimemfukuza fundi saa dukani. Nimemwambia asikanyage hapa mpaka mdomo wake upate fundi.

Ijumaa, 3 Aprili. Mvua.

Nimemnyoa mtu sharubu alizoomba nimpunguzie tu. Hakulipa, na ni haki yake.

Jumamosi, 4 Aprili. Mvua asubuhi, jua mchana.

Kumbe!

Leo kaja kijana mmoja nadhifu, hataki kitana cha duka, kaja na chake kipya, bado kimo kwenye karatasi yake ya plastiki. Kakifungua mbele yangu, kanipa. Nikakichukua, nikakitumbukiza kwenye glasi yangu ya spiriti, nikakikung'uta, nikaanza kazi. Akashangaa. "Mzee, kitana kipya hicho. Unakiosha nini?"

Nikasimama palepale na kitana hewani. Sikumbuki kukitumbukiza. Mkono ulikwenda wenyewe. Tangu nimefunzwa kazi hii, chombo chochote kikifika mkononi mwangu, kabla hakijamgusa mtu, kinapita kwenye glasi. Siamui. Hata kijiko cha chai nikiwa dukani nimewahi kukichovya, binti yangu shahidi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu kanipa kijiti, mbele yangu kuna glasi kama yangu, kinyozi akafanya kazi yake ya kinyozi. Nilikichovya kijiti! Mkono sikuufuta. Pamba imelowa spiriti, itabeba kijidudu gani kilicho hai?

Kijana alinyolewa bure leo. Nusura nimkumbatie.

Sasa kilichobaki ni kumwambia.

Jumatano, 8 Aprili. Mafuriko.

Barabara ya maktaba ni mto. Nilikunja suruali nikafika hivyohivyo. Mlango umefungwa, karatasi ya Mwalimu imebandikwa: hakuna somo leo. Nilisimama chini ya paa kama saa nzima, pengine naye hakupata habari. Hakuja. Alikuwa na akili kuliko mimi.

Jumamosi, 11 Aprili. Mvua.

Naumwa mafua. Binti yangu anasema ni zawadi ya elimu.

Jumatano, 15 Aprili. Mvua.

Alikuwapo, ukutani. Nilikwenda nikakaa karibu naye na hakuhama, nikashukuru. Nikaanza, "Mama, kuhusu kile kisahani..." na bati likaanza kupiga makofi. Nikapaza sauti. "Kijiti! Nilichovya kijiti!" Akagusa sikio, akatikisa kichwa, hasikii. Wiki ile alihama kiti kunisogelea. Leo hapakuwa na kiti kitupu kati yetu, na bado hakuinama. Mvua ikiendelea akasimama, akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akaenda zake. Nilitaka kumfuata, nikaona macho ya watu, nikabaki. Nimejilaani njia nzima.

Fundi saa akanisubiri mlangoni. Hatujasemeshana wiki mbili. Akasema bila kunitazama, "Yule mama anaondoka. Mwanawe anakuja kumchukua Jumanne. Anahamia kwake moja kwa moja." Nikamuuliza amejuaje. "Alileta saa ya marehemu mumewe niiwekee betri, aende nayo." Akakwaruza tope kwenye kiatu. "Nilimwomba radhi kwa ule utani. Akasema nisijali. Wewe je, radhi yako nitaipata lini?"

Nilimpa palepale. Mdomo wake ni mbaya, lakini alikwenda kuomba radhi, na mimi, ninayejiona mwenye moyo, nilikuwa bado nimesimama chini ya mapaa.

Ijumaa, 17 Aprili. Mvua ndogo.

Nimefika mpaka kona ya kwake. Nimerudi.

Jumamosi, 18 Aprili. Mvua ndogo.

Nimefika mpaka kona. Kulikuwa na watu kisimani. Nimerudi.

Binti yangu ameniwekea chakula, akakaa mbele yangu, hakula. "Baba, unakwenda wapi kila jioni na shati la pasi?" Nilikuwa nimeogopa swali hilo kuliko kitu chochote. Siku zote nimedhani siku akijua atafunga virago, ataona nimemzika mama yake mara ya pili. Nikamwambia yote, mpaka ya kijiti.

Alisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, "Sitaki kukudanganya, Baba. Jambo lenyewe silipendi. Lakini kukuona unakodolea mlango kila mvua ikinyesha silipendi zaidi." Akavuta sahani yake. "Anaondoka Jumanne, na leo Jumamosi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kula, kesho uende."

Nimekula. Mboga haikuzidi chumvi.

Jumapili, 19 Aprili. Mawingu, upepo kidogo, haikunyesha.

Nimekwenda.

Chumba kilikuwa kimeshafungashwa nusu. Mapazia yameshushwa, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine. Sakafu inang'aa, kana kwamba anakuja mkaguzi. Alinipa kiti cha pekee kilichobaki, yeye akakaa juu ya sanduku.

Nikasema yote kwa pumzi moja: kitana cha kijana, glasi, mkono unaokwenda wenyewe, kijiti, pamba. Nilisimama nikamwonyesha jinsi ninavyochovya na kukung'uta. Nikamwambia sikukupangusa, Mama, nisingekupangusa, kama hukuniamini muulize kijiko changu cha chai.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikaishia njiani, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Nilijua," akasema.

"Umeambiwa na fundi saa?"

"Nilikuona. Siku ileile. Umekishika kijiti, ukakichovya, ukakikung'uta hivi, macho yako yako kwangu. Nikasema moyoni, huyu atakosa mazao. Nilitaka kukwambia, nikaona raha kukuacha."

Sikuelewa. Nilirudi kukaa. "Sasa kama ulijua, mbona ulihamia ukutani? Mbona uliniacha nichekwe?"

Alizungusha kamba ya godoro kidoleni muda mrefu. "Wiki ile nilikuwa nimeshampa mwanangu neno. Mkewe yuko karibu kujifungua, hana mama, ananihitaji. Nimesema ndiyo. Halafu wewe ukanishika mkono mbele ya watu, ukaufuata ulipokuwa unarudi nyuma. Kinyozi, watu wameninawia maisha yangu yote. Najua mtu anayenawa baada yangu anavyotazama kiganja chake. Wewe kiganja chako hukukitazama." Akaiachia kamba. "Kumwacha mtu aliyekupangusa ni rahisi, nimeshazoea. Kumwacha asiyekupangusa sijui kunafanywaje. Kile kisahani kitupu kilinifaa. Nikakichukua."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Wiki tatu! Wiki tatu za Jumatano zimekwenda na maji, mimi natafuta ushahidi, na shahidi mwenyewe amekaa ukutani ameshika mkoba.

Nikasema, "Basi usiende." Ndiyo, nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Nitakwenda. Neno la mama kwa mwanawe si shati, livuliwe jioni." Akasimama, akaanza kukunja shuka, na mimi nikashika ncha za upande wa pili bila kuambiwa, tukakunja pamoja, tukakutana katikati, tukaachana, tukakutana tena. "Mwanangu anakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni," akasema akitazama shuka. "Ukishuka stendi kila mtu atakuonyesha. Mimi kurudi peke yangu, watu waseme nimemfuata mwanamume, sirudi. Labda nifuatwe."

Nikauliza, "Nifuate lini?"

"Sasa hilo nalo nikusemee mimi?"

Jumanne, 21 Aprili. Jua.

Gari la mwanawe limepita mbele ya duka saa tatu. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Alikuwa kiti cha mbele, dirisha wazi. Hatukupungiana. Nilinyoa upande mmoja mara mbili.

Jumatano, 22 Aprili. Mawingu.

Somo la mwisho. Mwalimu ametuonyesha jinsi visahani vinavyouawa: vinamwagiwa dawa kali ya kuondoa madoa, vinaachwa, halafu vinatupwa. Haviruhusiwi kwenda nyumbani na mtu, hata ukimpigia magoti. Nilijaribu. Akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono, nikauliza hao waliohamia mkono wangu siku ile walikaa muda gani. Akasema wengine saa chache, wengine siku kadhaa, wengine hupata nafasi wakabaki kabisa, inategemea na mahali walipofikia. Ukumbi haukucheka. Fundi saa alitazama viatu vyake.

Alhamisi, 23 Aprili. Jua.

Vichwa kumi na vinne. Mvua imekwisha, watu wamekumbuka kuwa wana nywele.

Ijumaa, 24 Aprili. Jua.

Duka limejaa na mimi ni mtupu. Jioni naketi nje, hakuna linalopiga bati, na bado nainamisha sikio la kushoto.

Jumapili, 26 Aprili. Jua kali.

Fundi saa kaja na habari: Mama Dawa amempigia simu kuuliza habari za ile betri, kama inahitaji kubadilishwa mwakani. Mjukuu amezaliwa salama, mvulana. "Mtu hapigi simu safari ndefu hivyo kwa ajili ya betri," akasema. "Hata mimi, pamoja na ujinga wangu, hilo naliona."

Binti yangu alikuwa anasikiliza jikoni. Alitoka na shati langu, akaanza kulipiga pasi.

Jumatatu, 27 Aprili. Jua. Naandikia ndani ya basi, mwandiko unisamehe.

Duka nimelifunga. Jirani yangu wa kiti ni muuza mbegu, mtu wa maneno kama mimi. Kaniuliza nakwenda kufanya nini huko. Nilitafuta mzaha nikaukosa. Nikamwambia ukweli, kwamba nakwenda kumfuata mke.

Akanipigapiga begani kwa huruma. "Pole sana, mzee. Mligombana?"

"Hapana," nikasema. "Bado hatujaoana."

Akacheka mpaka kondakta akageuka. Mimi nimeangalia nje. Bado ni mbali.